Gharama ya kukaa na kitu

Maisha ya kiasi huanza na kujua kitu kinakugharimu nini baada ya kukinunua. Chukua umeme: kwa mtumiaji mdogo wa Tanzania, namba ya kukumbuka ni 75. Kwa viwango ambavyo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilivipanga mwaka 2016, na vikatumika miaka mingi baada ya hapo, nyumba ambayo wastani wake hauvuki uniti 75 kwa mwezi huwekwa kundi la D1 na kulipa shilingi 100 kwa uniti. Ikivuka inahamia T1, ambako uniti ni shilingi 292. Ukiongeza kodi na tozo, ile 100 inakuwa 122, na ile 292 inakuwa kama 356.

Chukua nyumba inayotumia uniti 70: taa, televisheni, feni, pasi ya Jumapili jioni. Inalipa 8,540 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaona friji ya mtumba, kubwa, bei ya kutupa, anaibeba. Friji kuukuu ya namna hiyo hula uniti moja na ushee kwa siku. Tuseme 40 kwa mwezi. Nyumba sasa iko uniti 110, wastani ukishapanda kundi linabadilika, na bili ni 39,160. Ongezeko ni 30,620, wakati umeme wa friji yenyewe ni 14,240 tu. Zile 16,380 nyingine zimetoka wapi? Ni zile uniti 70 za zamani, ambazo sasa zinalipiwa kwa bei mpya. Feni ni ile ile na pasi ni ile ile. Kwa mwaka ongezeko lote linafika 367,440, na huenda friji yenyewe haikugharimu kiasi hicho.

Hapa hakuna anayekataza friji. Anayeuza maji ya barafu na juisi, au mwenye mtoto anayetumia insulini, ana sababu zake na zinatosha. Tunachotaka kionekane ni kwamba kitu kina bei mbili: ile unayomkabidhi muuzaji, na ile unayoilipa kwa kukaa nacho. Ya kwanza watu huibishania mpaka jasho liwatoke. Ya pili haiulizwi hata na mtu mmoja.

(Kama friji tayari unayo, bana noti kwenye mlango, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukinza, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja usiku kucha. Mpira mpya ni kazi ya fundi ya nusu saa. Isogeze mbali na ukuta kiasi cha kiganja ili joto la nyuma lipate pa kutokea. Barafu ya kwenye kuta ikifika unene wa kidole, iyeyushe kwa kuzima, usiibandue kwa kisu. Mabomba mengi ya gesi yametobolewa hivyo.)

Kitu huja na ndugu zake

Mwaka 1769 mwandishi wa Kifaransa Denis Diderot alilalamika kwa maandishi kuhusu joho jipya la kuvalia nyumbani. Lilikuwa zuri mno. Kando yake kiti cha zamani kikaonekana kibovu, kikabadilishwa. Kisha meza, kisha picha za ukutani. Hatimaye akajiona mtumwa wa joho. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1988, mtaalamu wa anthropolojia Grant McCracken aliipa tabia hiyo jina la Diderot, na wanaosoma mambo ya matumizi wamelishika hadi leo.

Huku kwetu joho hilo ni seti ya sofa. Fundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa Ngong Road, Nairobi, anakutengenezea seti ya watu saba, nawe unaishi chumba na sebule. Ikifika, zulia la zamani linaonekana limefubaa. Likiletwa jipya, meza ya televisheni inaonekana fupi. Pazia zinafuata, kisha vile vitambaa vya kufunika mikono ya viti ili sofa yenyewe isionekane, maana ni ya wageni. Mwisho kuna kabati la vyombo lenye glasi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea maji, na familia inakula imekaa mkekani jikoni kwa kuwa sebuleni hapapitiki. Baada ya hapo inatafutwa nyumba kubwa zaidi. Kodi ikipanda kwa elfu hamsini kwa mwezi, hayupo anayeiandika kwenye gharama ya sofa, ingawa ndiko ilikotoka.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu chochote kikubwa, maswali ya maana ni ya kifundi. Kitakaa wapi, na kitaondoa nini pale? Kinakula nini, umeme, gesi, vocha, sabuni maalumu? Kikiharibika, kipuri kipo na fundi yupo? Kitafanya kitu gani cha jirani yake kionekane kibaya? Na la mwisho, ambalo ni kali kuliko yote: nikikiuza kesho asubuhi, nitapata kiasi gani?

Kinaa, ubahili na kule kutupa vitu

Kiswahili kina maneno ya kutosha hapa, na kuyachanganya kumeharibu mazungumzo mengi. Ubahili ni kuwa nacho ukakizuia, hata kwa mwenye haki nacho. Zuhudi ni kuiacha dunia kwa makusudi, njia ya watawa na masufii, na wachache huiweza. Israfu ni kutumia kupita kiasi. Kinaa ni kutosheka: moyo kukinai na ulicho nacho bila kujinyima kinachofaa. Maisha ya kiasi yanayozungumzwa hapa ni ya kinaa.

Yanatofautiana sana na mtindo unaosambaa kwenye video kutoka Marekani na Ulaya, wa kuhesabu vitu vilivyomo ndani na kuvitoa hadi kubaki kuta nyeupe na kiti kimoja. Mtindo ule una maana kwa mtu mwenye pensheni, bima ya afya, na duka lililo wazi usiku kucha hatua chache kutoka mlangoni. Huku vitu vingi ndiyo benki yenyewe. Doti za vitenge sandukuni, mkufu wa dhahabu, mbuzi wanne kijijini, bati zilizoegeshwa ukutani zikisubiri boma kuezekwa: hiyo ni akiba, imekaa kwa umbo lisiloombwa ovyo na shemeji. Kumwambia mtu atupe “asivyovitumia” ni kumwambia achome akiba yake.

Lakini si kila kinachoitwa akiba ni akiba, na hapo ndipo swali la kuuza kesho linapofanya kazi. Dhahabu inaulizika sokoni siku yoyote. Bati haziozi zikikaa pakavu. Saruji ni hadithi nyingine: mfuko uliolala sakafuni miezi mitatu kwenye hewa ya pwani umeshaanza kupoteza nguvu, na ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, hiyo usiitie kwenye nguzo. Sofa hupoteza thamani siku ile inapoingia mlangoni. Televisheni vilevile.

Kuna sababu nyingine ya kutokuwa wepesi wa kuhubiri. Zanzibar, kabla ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa na maskini. Waliopata uhuru wao, hela zilipopatikana, wanawake walinunua kanga za rangi na wanaume wakavaa kanzu na kofia. Mtu angeweza kuwaambia kaniki inatosha, inasitiri mwili na haichakai upesi. Lakini kanga ile ilikuwa inatangaza kwamba aliyeivaa hana bwana. Kununua kunaweza kuwa heshima iliyorudishwa.

Tanzania Bara pia inabeba kumbukumbu yake. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwataka viongozi wasiwe na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni wala nyumba za kupangisha. Maisha ya kiasi yakawa sera. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari zikawa za foleni, hadi milango ya bidhaa za nje ilipolegezwa mwaka 1984. Aliyepanga foleni ya sabuni hatafurahishwa na neno “kiasi” likitoka kwa kijana aliyeshiba. Mtu hukinai pale alipokuwa na njia ya kupata zaidi akaiacha, na dukani mwa mwaka 1983 njia hiyo haikuwepo.

Saa zako zina bei

Kitu hulipiwa kwa saa kabla ya kulipiwa kwa shilingi. Hesabu yake ni nyepesi na inauma. Tuchukulie mtu wa Dar es Salaam anayepokea 500,000 mkononi, anafanya kazi siku 26. Nauli 3,000 kwa siku ni 78,000. Chakula cha mchana 3,000, tena 78,000. Kazi yenyewe imebakiza 344,000. Sasa saa: tisa kazini na tatu barabarani, kumi na mbili mara 26, jumla 312. Gawanya: kila saa aliyoitoa inamlipa kama 1,100.

Simu ya 450,000 kwa mtu huyu ni saa 409, siku 34 za kutoka alfajiri na kurudi usiku. Huenda inastahili. Dereva wa bodaboda anayepata wateja kwa simu anaweza kuijibia bila kusita. Ila hesabu ifanyike kwa saa, kwa sababu shilingi laki nne na nusu haina uso, wakati siku 34 mtu anajua zinafananaje.

Hesabu hiyo hiyo hufanya kazi upande wa pili, na watu huisahau. Sufuria ya presha ya umeme hupika kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja, bila mtu kukaa akipepea jiko. Kwa nyumba inayopika maharage mara tatu kwa wiki kwa mkaa, ni kitu cha kununua. Inarudisha pesa na inarudisha jioni. Hoja ya kukataa ulafi wa vitu haina ugomvi na kitu kinacholipa mahali pake.

Mkopo mdogo, riba kubwa

Kilichobadilisha matumizi Afrika Mashariki katika miaka hii zaidi ya matangazo ni mkopo wa kwenye simu. M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Asilimia saba na nusu inasikika kama hela ya chai. Kopa 10,000, rudisha 10,750. Lakini anayekopa kila mwezi ili kuziba pengo la mkopo wa mwezi uliopita atakuwa amelipa 9,000 kwa mwaka, na bado anadaiwa zile zile 10,000.

Deni la simu ya kulipia kidogo kidogo kila siku ni gumu zaidi kuliona, kwa sababu kiasi cha siku ni kidogo kuliko nauli. Mfano kwa shilingi za Kenya: simu inauzwa 12,000 taslimu. Kwa mkopo, kianzio 2,500, halafu 50 kwa siku kwa siku 365. Hiyo 50 mara 365 ni 18,250, jumla 20,750. Wengi wakifika hapa husema wamelipa zaidi kwa 8,750, kama asilimia 73 ya bei. Wamejipunja. Walichokopeshwa si 12,000, maana 2,500 waliitoa wenyewe, ni 9,500. Na deni hilo lilikuwa linapungua kila siku. Ukipiga riba kwa salio linalopungua, inakaribia asilimia 150 kwa mwaka. Tena ukikosa siku kadhaa simu inajifunga, pamoja na namba za wateja waliomo ndani.

Njia ya kujitoa huanza na kuyapanga madeni. Andika kila deni, salio lake na ada yake kwa mwezi. Lipa kiwango cha chini kwa yote, kisha kila ziada ielekee lenye ada kubwa kwa kila shilingi mia. Deni la ndugu lisilo na riba huwa la mwisho kwenye hesabu, lakini mpigie simu, mwambie tarehe, na uishike. Likiisha la kwanza, futa programu yake kwenye simu siku hiyo hiyo. Mwenye kuiacha “kwa dharura” hukopa tena ndani ya mwezi, mara nyingi Ijumaa usiku. Mahali pake weka kibubu cha dharura, hata cha 30,000, kwenye laini nyingine au kwa kijumbe wa mchezo, yule mtunza pesa za upatu. Bila kibubu hicho mpango wote huanguka kwa homa moja ya mtoto.

Daftari la mwezi mmoja

Huwezi kupunguza usichokiona. Andika kila senti kwa siku 30, jioni, dakika tano. Taarifa ya miamala ya simu itakusaidia nusu ya kazi, ila ile pesa uliyoitoa kwa wakala haionyeshi ilikokwenda, kwa hiyo daftari halikwepeki. Siku ya tano hadi ya kumi ndipo wengi huacha, kwa aibu zaidi kuliko uvivu. Wiki ya pili watu huanza kujibana kwa kuwa wanajitazama, hivyo hesabu inatoka safi kuliko ukweli. Mwezi wa pili ndio wa kuaminika.

Mwisho wa mwezi usianze na kahawa ya kijiweni. Kahawa ya shilingi mia mbili, pamoja na bao na habari za mtaa, ni starehe ya bei nafuu kuliko zote mjini, na anayeifuta hubaki nyumbani akitazama matangazo. Anza na vinne vikubwa: kodi, nauli, chakula, na michango. Kuhama karibu na kazi kwa vituo viwili kunaweza kuzidi mwaka mzima wa kujinyima soda.

Kwenye chakula kuna mtego wa vipimo. Tuseme mafuta ya kupikia ni 1,000 kwa kipimo cha robo ya nusu lita. Hiyo ni 8,000 kwa lita. Dumu la lita tano ni 30,000, yaani 6,000 kwa lita. Nyumba inayotumia lita nne kwa mwezi ingeokoa 8,000. Kwenye karatasi. Nyumbani dumu likiwa wazi jikoni, mkono unakuwa mwepesi, matumizi yanapanda hadi lita tano na nusu, na gharama inakuwa 33,000 badala ya 32,000. Dumu limekula hasara. Dawa ni ya kizamani: mimina lita moja kwenye chupa kila Jumatatu, dumu lirudi uvunguni. Ikiisha Jumamosi, Jumapili ni chukuchuku.

Kuhusu simu inayosuasua, kabla ya kwenda Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta nyingine, fungua hifadhi yake. Mara nyingi tatizo ni video za makundi ya WhatsApp. Acha nafasi tupu ya GB tatu hadi tano, zima upakuaji wa wenyewe wa picha na video, izime na kuiwasha. Kama inaisha chaji saa saba mchana na ina miaka miwili au mitatu, ni betri. Betri mpya na kazi ya fundi ni sehemu ndogo ya bei ya simu. Ila ikiwa betri imevimba na kunyanyua kioo, acha kuchaji hapo hapo. Simu ambayo haipokei tena masasisho ya usalama, na humo ndimo zilimo pesa zako, kubadilishwa kwake ni halali kabisa.

Sehemu ngumu: watu

Yote ya juu mtu anaweza kuyafanya kimya kimya. Michango haifanyiki kimya kimya. Na hapa ushauri wa kigeni wa “jifunze kusema hapana” hauna faida, kwa sababu watu hawa hawa ndio watakaokubeba ukilazwa, na ndio watakaochimba kaburi. Anayejitoa kwenye michango yote amekata bima yake ili aokoe ada.

Ushindani wenyewe si mgeni pwani. Vyama vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare na kwa karamu tangu enzi za ukoloni, na vyama vya ngoma ya lelemama vya akina mama wa Mombasa vilishindana kwa leso mpya za kufanana. Kilichoongezeka ni idadi na kasi. Zamani barua ya mwaliko ilipelekwa na mtu kwa miguu. Leo unaingizwa kwenye makundi matatu ya WhatsApp kwa wiki moja bila kuulizwa. Harusi imegawanyika kuwa kichenpati, sendofu na harusi yenyewe, kila moja na sare yake. Kipaimara na mahafali ya chekechea vimekuja na kamati. Tuchukulie kadi 14 kwa mwaka kwa 50,000, na sare nne kwa 60,000: ni 940,000, karibu miezi miwili ya yule mfanyakazi wetu.

Kinachofaa ni fungu lenye ukomo na utaratibu wa nani kwanza. Tenga, kwa mfano, 40,000 kila mwezi, uiweke mbali na pesa ya matumizi. Msiba na ugonjwa ndio wa kwanza, havina mjadala. Ndugu wa damu na majirani wa ukuta mmoja ni wa pili. Harusi na sherehe nyingine hugawana kilichobaki. Fungu likikauka, unachangia kwa mikono: kupokea wageni, kuosha sahani, kuendesha gari, kukaa usiku wa matanga.

Kosa kubwa ni kunyamaza. Mtu akikaa kimya kwenye kundi hadi wiki ya mwisho, kamati imeshamwekea makadirio ya laki na jina lake linasomwa. Kosa la pili ni ahadi kubwa ya kupendeza watu, inayogeuka deni. Jibu siku mbili za mwanzo, moja kwa moja kwa mwenye shughuli na siyo kwenye kundi, kiasi kamili na tarehe:

“Shikamoo Mama Neema, hongera sana kwa binti yetu. Kadi nimeipata. Nimejipanga na elfu thelathini, naituma tarehe 3. Sare mama sitachukua, nitavaa kitenge changu. Ijumaa nikitoka kazini nakuja moja kwa moja kumenya vitunguu, mniwekee kisu.”

Tazama kinachofanyika hapo: heshima kwanza, kiasi bila kujieleza, sare imekataliwa kwa sentensi moja, na mwili umeahidiwa mahali ambapo pesa imepungua. Anayetaja ada za shule na kodi ya nyumba ili ahurumiwe hufungua mlango wa kubembelezwa. Na ukisema 30,000 tarehe 3, tuma tarehe 3.

Ukiwa wewe ndiye mwenye harusi, fundo lenyewe liko kwenye kadi. Kila anayechangia anapewa mwaliko, singo au dabo. Tuchukulie mchango wa wastani ni 70,000 na sahani pamoja na vinywaji ni 25,000 kwa mtu. Kadi ya dabo imekula 50,000. Imebaki 20,000 ya kulipia ukumbi, mapambo, MC, muziki, picha na magari. Ndiyo maana kamati inazungusha mamilioni na maharusi wanaamka Jumatatu bila godoro. Michango mingi ililisha wachangiaji wenyewe, na faida ikabaki kwa mwenye ukumbi. Kupunguza maua hakusaidii kitu. Linalosaidia ni idadi ya watu: kutoka 300 kwenda 120 kunafuta sahani 180, yaani 4,500,000. Lakini idadi haiwezi kupungua kama umeshapokea pesa za watu 300, kwa hiyo uamuzi ufanyike kabla ya kadi ya kwanza ya mchango kuchapwa. Baada ya hapo umechelewa.

Ndoa yenyewe kisheria haidai mengi. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla. Kenya, chini ya sheria ya 2014, ndoa ya kiserikali ni siku 21 vilevile. Kwa Waislamu, walii, mashahidi wawili, mahari na ridhaa vinatosha, na inaweza kufungwa msikitini baada ya swala. Tatizo la ndoa ndogo ya namna hiyo, “ndoa ya mkeka”, ni jina: limebeba kejeli, maana ndilo linalotumika pia kwa aliyefumaniwa akaozeshwa usiku ule ule. Wanaotaka harusi ndogo bila minong'ono huitangaza mapema kwa wazee wa pande zote mbili, mahari iende kwa utaratibu wake, na mashangazi wapewe kazi zenye vyeo.

Chakula cha watu 120 nyumbani kinawezekana. Hesabu kilo moja ya mchele kwa watu saba, kwa hiyo kilo 17 au 18, na nyama kilo 20. Tumia masufuria mawili au matatu, usirundike yote kwenye moja, kwa sababu pilau nyingi sufuria moja chini huungua na katikati hubaki mbichi. Mpishi mkuu mlipe. Wasaidizi ndio wawe majirani. Mpishi wa kujitolea akichelewa huna la kumwambia. Turubai na viti vichukuliwe jana yake, na mvua ipangiwe hata kama ni Januari. Teua mtu mmoja asiyekunywa ahesabu sahani, sufuria na vijiko vya kukodi vinapoingia na vinapotoka, aandike na asaini na mwenye mali. Vijiko ndivyo hupotea zaidi, na hulipwa kimoja kimoja.